Mteremko Ulioshuka Kaskazini

Siku hizi, wanangu, nalala mchana, wala sioni haya kusema. Nimeinamia meza ya kuchorea miaka mingi kiasi kwamba mgongo umekubali kubaki hivyo, na mwenye mgongo wa namna hiyo ana haki ya kujinyoosha ikifika saa nane. Nyumba yangu iko Kensington, nyuma ya duka la rangi na vitasa. Jua la hapa Johannesburg wakati wa baridi ni jembamba na safi, linapita kwenye pazia na kutandika mistari sakafuni, nami huihesabu mpaka usingizi unichukue. Halafu naota. Mngedhani naota kwetu Tabora, au marehemu mume wangu. La. Naota karatasi nyeupe isiyo na mwisho, nami natembea juu yake bila viatu, sijui naelekea wapi, lakini sina haraka.

Mliniomba, ninyi mnaosomea uhandisi na usanifu hapa mjini, niwaandikie habari za kampuni niliyoitumikia. Mkanibembeleza niandike kwa Kiswahili. Nimekubali, ingawa najua baadhi yenu mtawapelekea mama zenu wawasomee, maana Kiswahili mnakisikia vizuri sana ila mkifungua mdomo kinatoka Kizulu. Msinikasirikie. Na wangu nyumbani ni hivyohivyo.

Jina la kampuni sitalitaja, na hata nikitaka sijui nitaje lipi. Nilipoingia mlangoni palikuwa na majina ya mabwana watatu, wote marehemu. Baadaye ikanunuliwa, ikaungana na nyingine, ikamezwa, ikameza. Kila mara fundi alikuja na ngazi, akashusha bango la zamani, akapandisha jipya, nasi tuko ndani tunachora na wala hatuinui vichwa. Nimefanya kazi katika kampuni nne bila kuhama kiti.

Historia yenyewe tuliisikia kila sherehe ya kufunga mwaka, mkurugenzi akiwa na glasi mkononi. Kwamba mwanzilishi alikuwa kijana maskini wa nchi ya baridi, akichora pampu za kutoa maji migodini, katika chumba kimoja juu ya duka la mikate. Kwamba dhahabu ilipopatikana huku alikuja na penseli zake. Kila mkurugenzi mpya alikipunguza kile chumba kidogo ili hadithi inoge, na wa mwisho niliyemsikia alikuwa amekifikisha stoo ya unga. Lakini mengine yalikuwa kweli. Migodi ilipoanza kuchoka, kampuni ikageukia barabara, kisha viwanja vya ndege, hospitali, mabomba ya majitaka. Mabomba ya majitaka, wanangu, ndiyo yaliyolisha watoto wangu, basi msiyadharau.

Watu hudhani kampuni kama ile inauza madaraja. Hatukuwahi kuuza daraja hata moja. Tuliuza saa. Kila Ijumaa unajaza karatasi ya saa zako: tatu kwa bomba hili, nne kwa barabara ile, na kila kazi ina namba yake. Hapakuwa na namba ya kuangalia mawingu. Mimi niliangalia sana mawingu, hasa mvua za kiangazi zinapojikusanya saa tisa alasiri na mji mzima kuwa wa buluu iliyokolea, kwa hiyo kuna hospitali moja mahali fulani barani ambayo imebebeshwa mawingu yangu mengi. Mungu anisamehe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzungu mmoja mrefu, Kaburu wa mashambani, tukimwita Oom Hennie. Oom kwa lugha yao ni mjomba, na wote tulimwita hivyo, weusi kwa weupe, hata mkurugenzi. Alikunywa chai nyekundu bila sukari na alikuwa na jicho la mwewe. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nakwangua wino kwa wembe juu ya karatasi ya plastiki, maana enzi zile kufuta ni kukwangua, akanishika mkono.

“Ja nee, Rehema,” akasema, ile ndiyo-hapana ya kwao. “Mara moja. Ukikwangua pale pale mara mbili, karatasi itatoboka, na tundu halifutiki.”

Kutoka kwake nilijifunza kuanza kuchora juu kushoto ili mkono usifute nilichokwisha kuchora. Nilijifunza kupaka unga wa talki viganjani wakati wa joto. Nilijifunza kwamba mashine ya kuchapa michoro, iliyotumia amonia, ilitoa harufu ya kukutoa machozi, na ukitaka kulia kwa sababu umekumbuka kwenu, nenda kasimame pale, hakuna atakayekuuliza. Nilisimama pale mara nyingi mwaka ule wa kwanza.

Nikikosea, Oom hakupiga kelele. Kuna choo kimoja katika jengo la ofisi nilichokichora mlango wake unafungukia nje, kwenye ngazi. Nilichora hivyo, kikakaguliwa na mtu mwenye usingizi, kikajengwa. Kwa miaka mtu akitoka chooni kwa nguvu alimsukuma mwenzake ngazini. Waliuita mlango wa Rehema. Oom alinipeleka kule, akanifungia ndani, akaniambia nitoke. Nikafungua, nikasikia mtu akipiga yowe na sahani kuvunjika.

“Sasa umeuona mchoro wako,” akasema, akainama kuokota vipande.

Naye ndiye aliyenipa kanuni moja niliyoibeba hadi nilipopewa cheo cha kukagua kazi za wengine. Usikague mchoro kwa macho peke yake. Kwanza tafuta kwenye karatasi mahali pamoja ambapo umewahi kusimama kwa miguu yako. Simama hapo tena, ndani ya kichwa chako, geuka kushoto, geuka kulia, uliza kama unachokiona ndicho kilichochorwa. Kama hujawahi kusimama mahali popote kwenye karatasi hiyo, chukua gari uende.

Niwaeleze ukaguzi wenyewe, maana siku hizi mnafanya kwenye skrini na wengine hamjaiona rangi. Unachapa mchoro. Unachukua kalamu nene tatu. Kila mstari na kila namba iliyo sahihi unaipaka njano. Iliyokosewa unaizungushia nyekundu. Iliyokwisha kurekebishwa unaitia kijani. Karatasi inaondoka kwako ikiwa njano tupu, na pembeni, kwenye kisanduku cha majina, chini ya jina la aliyechora, unaweka herufi za mwanzo za jina lako. Kuna utamu fulani katika kupaka njano. Mkono unakwenda, akili inaelea, alasiri inapita dirishani, na unajisikia kama mtu anayebariki vitu kimoja kimoja. Jihadharini na utamu huo.

Nilifikia utamu huo nikiwa Sandton, tulikohamia baada ya katikati ya mji kuchakaa. Jengo la vioo, zulia lisilotoa sauti, treni ya kasi chini ya ardhi. Kampuni ilikuwa imeshakuwa ya dunia nzima. Sisi tukifunga saa kumi na moja jioni, ofisi ya ng’ambo, upande wa magharibi wa dunia, ndio kwanza wanamaliza chai ya asubuhi, basi mchoro unaruka kwao, wanauendeleza, na kesho unaukuta mezani ukiwa umekua. Wakubwa walijisifu kwamba mchoro wa kampuni haulali. Mimi nilipenda kufikiri hivyo pia, kwamba kuna mtu nisiyemjua anaokota mstari pale nilipouacha.

Sasa kuna jambo moja la nchi hii ambalo kila mgeni wa kazi yetu huambiwa siku ya kwanza. Wapima ardhi wa Afrika Kusini, tangu zamani, wanahesabu kuelekea kusini na magharibi. Namba ikikua, unakwenda kusini. Kwingine kwingi duniani namba ikikua, unakwenda kaskazini. Hakuna aliyekosea, ni desturi tu, kama vile wengine huandika kutoka kulia. Nimewafundisha vijana wengi jambo hilo. Nilikuwa nawachekesha nalo: ukija Johannesburg, vua viatu vya kaskazini mlangoni.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu tulipewa daraja la waenda kwa miguu, la kuvukia mto pale Alexandra. Halikuwa kubwa. Watu wa kule walikuwa wanaruka mawe kwenda kazini, na mvua ikinyesha mawe hayaonekani, ila maji. Kwenye ukingo wa Alexandra, daraja lilipaswa kumalizika kwa mteremko unaopinda kuelekea kusini, palipo na uwanja mtupu ambapo watoto walichezea mpira. Upande wa kaskazini palikuwa na vyumba vya uani, vimebanana, vya wapangaji. Tulipeleka namba za mteremko ofisi ya ng’ambo, zikihesabiwa kutoka mwisho wa daraja. Huko mtu akazisoma kwa desturi ya kwao. Mteremko ukapinda kaskazini, ukalala juu ya vile vyumba, naye kwa utiifu akaandika pembeni: majengo ya kuondolewa.

Mchoro ukarudi kwangu. Namba zilikubaliana na mistari, mistari ilikubaliana na namba. Nikapaka njano. Na yale maneno matatu nikayapaka njano, maana nimeyaona kwenye michoro mingi kuliko siku za mwaka. Nikaweka herufi zangu, nikaenda kunywa chai.

Niwajulishe sasa kwa Mama Espérance. Ni mtu wa Bukavu, fundi wa kushona, na nguo zangu zote za sherehe zilipita mikononi mwake. Alipanga chumba kimoja cha uani Alexandra, hapohapo anaposhonea, hapohapo anapolala. Ule mwaka wa vurugu, wageni walipofukuzwa, alikimbia usiku na kukaa kwenye hema kwa miezi, kisha akarudi chumba kilekile, akawaambia majirani walewale shikamoo ya Kizulu, akafungua dirisha. Aliniambia amechoka kubeba godoro kichwani, kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho katika maisha yake. Nimefika chumbani kwake mara nyingi. Nimesimama pale kwa miguu yangu, nikigeuka kushoto na kulia, akinipima kiuno. Mnaona tunakokwenda.

Jumatatu moja jioni akanipigia simu.

“Dada Rehema, balikuya leo bakapiga alama ya rangi ku mlango yangu,” akasema. “Banasema juma ijayo, siku ya kwanza ya kazi, mashini inakuya kubomoa. Ni juu ya ile daraja. Mwenye parcelle, mwenye kiwanja, alishakubali, sisi balocataires, bapangaji, hawakutuuliza. Wewe unatumika na bale batu ba madaraja. Uniulizie basi, hakuna namna?”

Nikamwambia nitauliza. Nililala nikiwa na hasira na wachoraji, wasio na macho hao, bila kukumbuka ni michoro ipi ya daraja lile iliyopita kwangu. Kesho yake, Jumanne, nikafika mapema, nikaufungua mchoro aliopewa mkandarasi kwenye skrini ili nimjue aliyefanya hivyo. Nikatafuta kisanduku cha majina. Herufi zilikuwa zangu.

Siwezi kuwaeleza sawasawa ile asubuhi. Sikusikia vishindo moyoni wala nini. Kila kitu kilikwenda taratibu na mbali, kama unapoamka kwenye chumba cha wageni. Nikatoa ile karatasi ya njano kabatini. Nikasimama, kichwani mwangu, mlangoni pa Mama Espérance, nikageuka kushoto, na mteremko ukanipita kifuani.

Nikaenda kwa Injinia Wafula, mkuu wa mradi, Mkenya wa Bungoma, umri wa mwanangu wa pili, mtu mwema. Nikamwonyesha. Akafunga mlango.

“Mama, tulia kwanza,” akasema. “Hii kitu tutairekebisha kwa mchoro inayofuata. Tunasema ni mabadiliko tu, na hakuna mtu atajua ilianzia wapi.”

“Mchoro unaofuata unatoka lini?”

“Kama wiki tatu hivi, lazima ipitie ng’ambo.”

“Mashine inakuja Jumatatu, Wafula.”

“Nitaongea na mkandarasi aende polepole. Atajaribu.” Akaniangalia kwa huruma. “Ukijaza karatasi nyekundu sahii, jina lako itasomwa kwa kila ofisi ya hii kampuni. Umebakisha miezi tu, mama. Kweli unataka kutoka hivyo?”

Karatasi nyekundu ilikuwa desturi ya kampuni, ya tangu wale mabwana watatu. Zamani ilikuwa karatasi kweli, sasa ni fomu ya kompyuta yenye ukingo mwekundu. Mtu yeyote, hata anayepanga vikombe vya chai, anaweza kuijaza akiona hatari, na kazi inasimama saa hiyohiyo, hakuna mkurugenzi anayeweza kubisha. Ila ni lazima uandike jina lako, ulichokiona, na nani alikosea. Kisha inatumwa ofisi zote duniani ili watu wajifunze. Oom Hennie aliwahi kujaza moja juu ya kosa lake mwenyewe, akarudi mezani, akaomba chai. Mimi nilikuwa nimewafundisha vijana kuijaza. Nilikuwa na picha za karatasi hiyo kwenye somo langu.

Nikamwambia Wafula, sawa. Nikarudi kitini.

Niliona aibu, wanangu. Msitafute sababu nyingine. Sikuogopa njaa, kiinua mgongo changu kilikuwa salama. Niliwaza sherehe yangu ya kuagwa, niliwaza wale vijana niliowachekesha kuhusu viatu vya kaskazini, niliwaza mtu wa ofisi ya mbali nisiyemjua akilisoma jina langu na kutikisa kichwa. Nilitaka kutoka kwenye kazi ile nikiwa njano tupu.

Jumatano ilipita kama ndoto. Kwenye kompyuta za siku hizi unaweza kutembea ndani ya mchoro, nanyi mnajua. Nilivuka daraja, hewa yake haina upepo, mto wake hausogei. Nikashuka ule mteremko polepole, nikafika chini, nikaingia kwenye kisanduku cha kijivu na kutokea upande wa pili. Kompyuta haikuniambia kwamba nimepita chumbani mwa mtu. Nikarudi, nikapita tena. Nje mawingu yalijikusanya juu ya Sandton, vioo vyote vikawa buluu. Simu yangu ikalia, jina la Mama Espérance. Nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nikaigeuza kifudifudi. Nilijiambia nitampigia nikiwa na habari njema ya kumpa.

Alhamisi nilimuuliza Wafula kama mkandarasi amekubali. Akasema anasubiri majibu. Alikuwa ameacha kuniangalia machoni.

Ijumaa asubuhi nikamwomba dereva wa ofisi anipeleke saiti. Kutoka Sandton hadi Alexandra ni robot chache tu, taa za barabarani, unavuka barabara kuu na dunia inabadilika. Nikamwacha kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikashuka kwa miguu hadi ulipo msumari wa mpima ardhi, mwisho wa daraja. Nikasimama. Kulikuwa na vumbi, na redio mahali fulani, na harufu ya makaa. Kushoto kwangu uwanja, magoli ya mawe, hakuna mtu. Kulia, milango minne yenye alama ya rangi. Nje ya mlango wa pili palikuwa na godoro limefungwa kamba, limesimamishwa ukutani. Nalijua lile godoro, nimelikalia.

Sikumfuata Mama Espérance ndani. Nilirudi ofisini nikiwa na vumbi kwenye viatu juu ya lile zulia, nikafungua fomu yenye ukingo mwekundu, nikaandika: Mteremko umegeuzwa. Nilikagua mimi. Nilipaka njano bila kusimama mahali pake. Nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, nikabonyeza. Saa tisa mkandarasi alipokea amri ya kusimama, na Jumatatu mashine haikuja.

Yaliyofuata ofisini hayakuwa mabaya kama nilivyoota. Nilivuliwa ukaguzi. Miezi iliyobaki kazi yangu ilikaguliwa na binti mmoja, Lerato, aliyekuwa akiniomba radhi kila alipotumia kalamu nyekundu, eish Mama, sorry Mama, mpaka nikamwambia azungushie tu kwa raha zake. Kutoka ng’ambo nikapata barua fupi ya yule mchoraji. Aliandika kwamba hata yeye aliona ajabu kuweka mteremko juu ya nyumba wakati kando kuna uwanja, akadhani wenyeji tunajua sababu, akanyamaza. Hapo ndipo nilipoielewa vizuri biashara ya kampuni ya dunia nzima. Watu wengi wanaokota mstari pale mwenzao alipouacha, na kila mmoja anadhani aliyemtangulia alikwenda kutazama.

Jumapili moja Mama Espérance akaniita Alexandra baada ya ibada. Alikuwa amesikia kutoka kwa watu wa saiti kwamba aliyesimamisha kazi ni mama mmoja Mtanzania wa ofisini. Nilikuta viti vimepangwa uani, wanawake wa kanisa lao wamevaa sare, na wote wakaniimbia. Wakanisimamisha katikati, mmoja akanifunga kitenge mabegani. Mama Espérance alikuwa analia na kucheka.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi nilitaka sana kuketi na kula. Lakini kitenge kilikuwa kizito.

“Mama Espérance,” nikasema, “mimi ndiye niliyekosea. Ule mchoro wa kubomoa, herufi za mwisho ni zangu. Nilikuwa nimeshaupitisha kabla hujanipigia.”

Nyimbo zilikatika. Mama mmoja akamtafsiria mwingine kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini. Mama Espérance akafuta uso kwa mkono.

“Kila mutu anakosaka,” akasema. “Mimi pia nilishakata kitambaa ya bibi arusi mubaya. Haina neno, dada.” Akaninyoosha kitenge begani. “Lakini ulijua siku gani?”

“Jumanne asubuhi.”

“Na uliandika siku gani?”

“Ijumaa.”

Akahesabu kwa vidole, hakuwa na haraka. Nikafuata macho yake hadi ndani ya chumba, mlango ukiwa wazi. Palikuwa na kitanda, na meza ya kushonea chini ya dirisha, na juu ya meza hapakuwa na kitu.

“Mashini ya kushona niliuzisha Jumatano,” akasema. “Ile ya mama yangu, nilitoka nayo Bukavu. Nilijua godoro na mashini siwezi kubeba vyote viwili, na mtu wa kununua alikuwa hapa mlangoni ananisubiri. Njo nikakupigia. Mara mbili. Nilikuwa nataka kukuuliza tu, niuze ao nisiuze?”

Akaniketisha, akanipakulia sombe, kisamvu cha kwao, na ugali mwenyewe, akanikaribisha. Nilikula. Baadaye nilimtafuta yule mnunuzi kila duka la vitu vya mitumba ninalolijua, mpaka Kensington kwetu, nikamkosa. Nilimpelekea cherehani nyingine, mpya, ya umeme. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, na ndiyo anayoshonea hadi leo. Hajawahi kuniambia kama inashona vizuri.

Daraja lilijengwa. Mteremko unashuka kusini, na asubuhi mnaweza kuwaona watu wakiupanda kwenda kazini, watoto wakishuka mbio. Kulisahihisha lile kosa kwenye karatasi kulichukua alasiri moja, na hilo ndilo ninalotaka mlijue ninyi mnaoanza kazi. Wala simwoti yule mchoraji wa ng’ambo, wala namba, wala kusini na kaskazini. Nikilala mchana natembea kwenye ile karatasi nyeupe, na mahali fulani simu inalia, nami najua fika ni nani anayepiga na anataka kuuliza nini.

Ukijua Jumanne, mwanangu, sema Jumanne.